Askari Kumi na Wawili Kwenye Begi la Likizo

Rafiki yangu Meno hatengenezi meno mazuri. Anatengeneza meno ya kuaminika, na asiyejua tofauti yake na akae nusu saa kwenye maabara yake kama nilivyokaa mimi. Ni chumba kimoja nyuma ya kliniki, chenye dirisha kubwa, jiko dogo la kuyeyushia nta, na rafu tatu za mataya ya plasta, kila taya na namba yake. Mimi hufundisha udereva. Mwanafunzi akinipandisha presha asubuhi, mchana napita pale kupoza roho. Nakaa kwenye kigoda karibu na mlango, namtazama mtu anayefanya kazi bila kumfokea yeyote.

Siku moja nilimkuta na meno ya juu ya mama mmoja, yamekaa kwenye nta sawasawa, hakuna jino lililompita mwenzake. Nikayasifu. Akapasha moto kisu chake, akaligusa jino moja la mbele, akalisogeza kiasi cha unywele.

"Sasa umeyaharibu," nikamwambia.

"Ndiyo kwanza nayatengeneza. Meno yakinyooka yote, mtu akicheka tu watu wanajua kayavaa. Nimeiona picha ya harusi ya huyu mama. Jino hili lilikuwa limemwegemea mwenzake. Namrudishia."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeomba apishwe mlangoni, kisha akaendelea na kazi. Nilianza kumheshimu siku ile, na mimi si mtu wa kuheshimu watu ovyo.

Jumamosi alasiri sisi wanne huwa tunapigana vita. Uwanja wetu uko nyuma ya duka la vifaa vya maji: meza ndefu ya mbao katikati ya sinki zisizo na wanunuzi, na mabomba yamesimamishwa ukutani pande zote. Mwenye duka ni fundi bomba, tunamwita Bomba, kwa sababu siku ya kumpa jina hatukutaka kujichosha. Wa tatu ni Mama Kanuni, karani mstaafu wa mahakama, anayebeba kitabu cha sheria za mchezo kwenye mkoba na hakifungui, maana chote kimo kichwani. Mimi wananiita Breki. Wa nne ndiye Meno.

Askari wetu ni wa bati, hawazidi urefu wa kidole gumba. Tunawapaka rangi wenyewe, tunawapanga kwenye vilima vya plasta, tunapima mwendo wao kwa futi, na tunarusha dadu kujua nani kaanguka na nani kakimbia. Mtu mzima akija dukani kununua koki na kutukuta tumeinamia daraja la vijiti huku tunagombana, hucheka. Bomba humwuliza yeye Jumamosi zake huzifanyia nini, na wengi huondoka na koki yao kimya kimya.

Ungewaona askari wa Meno! Huwapaka kwa brashi aliyoipunguza mwenyewe ikabaki nywele tatu, chini ya taa ile ile ya kupangia meno. Na kila mmoja humpa kasoro yake, moja tu, kama lile jino: huyu soksi imeshuka, yule kifungo kimekatika, mwingine goti lina kiraka cha rangi iliyokaribia ya suruali lakini si yenyewe. Ukiwatazama kwa karibu unaona watu waliotoka majumbani mwao. Wangu ni kikosi cha bluu, na nakiri kwamba macho ndiyo hunishinda. Jicho la kulia linamtazama adui, la kushoto linatazama njia ya kurudi nyumbani.

Tuna desturi yetu kuhusu likizo. Anayekwenda likizo haachwi aende kwa amani. Kwanza jeshi lake tunaligawana na kulipeleka vitani, na tunahakikisha linashindwa vibaya. Pili, Meno humtengenezea sanamu yake akiwa mapumzikoni, ndogo kama askari, na huwekwa kwenye rafu juu ya meza milele. Bomba yupo pale, amelala chini ya mwavuli na spana kichwani badala ya mto. Mama Kanuni amesimama ndani ya maji hadi kiunoni, anasoma kitabu cha sheria. Mimi nimekaa kwenye kiti cha ufukweni, na mguu wangu wa kulia unakanyaga breki ambayo haipo. Nilinuna wiki mbili kwa sababu ya mguu ule. Kisha siku moja nikiwa nyumbani natazama televisheni mke wangu akaniambia niutazame mguu wangu, nikaukuta unakanyaga sakafu.

Meno peke yake hakuwa kwenye rafu. Katika miaka kumi na minne ya vita vyetu hakuwahi kwenda likizo hata siku moja. Kwa hiyo alipotuambia kwamba yeye na mkewe wanakwenda siku saba kwenye nyumba ya wageni huko vilimani, tulimrukia wote kwa pamoja.

"Utakwenda kulala huko, au utakwenda kupima mwinuko?" Bomba akauliza.

"Kuna maji ya moto, mwenzangu, uoge," nikasema. "Plasta itoke masikioni."

"Kifungu cha tisa," Mama Kanuni akasema. "Jemadari akiacha jeshi bila sababu ya ugonjwa, jeshi linaruhusiwa kuchagua mwingine."

"Hakuna kifungu hicho."

"Nimekiongeza sasa hivi."

Meno alicheka mpaka akavua miwani. Alikuwa na furaha, lakini kulikuwa na kitu kingine usoni mwake ambacho sikukielewa, na sisi kwa kelele zetu hatukumpa nafasi ya kukisema. Nitakieleza mimi hapa, ili ujue mapema kuliko sisi tulivyojua.

Mke wa Meno ni mwalimu wa watoto wa darasa la kwanza na la pili. Ndani ya ndoa yao ya miaka ishirini na miwili, askari wa bati walikuwa wamehudhuria kila jambo. Walikwenda fungate. Walikuwepo hospitali binti yao alipozaliwa, wawili, mfukoni. Yote hayo shemeji aliyavumilia. Kisha mwaka jana mama yake mzazi akafariki, na Meno, alipoinama kaburini kuchukua udongo, askari mmoja akadondoka kutoka mfuko wa koti lake, mbele ya wajomba na mashangazi, akabiringika hadi kwenye kiatu cha mkewe. Meno hakuwa amembeba kwa makusudi. Alikuwa amesahau kumtoa. Lakini hilo lilikuwa ndilo kosa lenyewe, na alilijua.

Shemeji hakupiga kelele. Alisubiri miezi, kisha akamwambia anataka siku saba. "Siku saba tu, uniangalie mimi kama unavyowaangalia hao. Akitokea askari mmoja, kabati litoke nyumbani kwangu, nami nitajua nafasi yangu." Meno akaahidi. Kabati hilo lina milango ya vioo, na ndani yake mna kazi yake ya maisha. Lakini alichokihofia zaidi ni maneno yale ya mwisho.

Sisi hatukujua lolote. Siku ya safari walikuja dukani asubuhi, kwa sababu kituo cha basi kiko ng'ambo ya barabara. Wakaacha begi, wakaenda kumtafutia shemeji kofia ya jua. Mimi nikalitazama lile begi, na wazo likanijia. Natamani niseme lilimjia Bomba, lakini yu hai na atakanusha.

"Tumvizie," nikasema.

Nilitoa askari wangu kumi na wawili wa kikosi cha bluu, maadui zake wa miaka yote. Mmoja tukamweka kwenye kikasha cha sabuni, amelala juu ya kipande cha sabuni. Wengine ndani ya soksi, kwenye viatu, kwenye kikoba cha kunyolea, katikati ya shati lililokunjwa. Mama Kanuni, mtu aliyeapisha mashahidi miaka thelathini, ndiye aliyemsokomeza mmoja kwenye ncha ya kiatu cha shemeji. Tulicheka hadi mbavu zikauma.

Wakarudi, wakapanda basi. Meno akakaa dirishani, akatuita kwa mkono, akanipa simu yake.

"Nitunzie," akasema. "Siitaki huko." Akainama zaidi ili mkewe asisikie, na pale dirishani, huku injini inanguruma, akanieleza habari yote, ya kaburini na ya kabati. "Asubuhi alishika zipu ya begi akitaka kukagua. Kisha akaiacha. Akaniambia, 'Sikagui. Nakuamini.' Breki, hujui nilivyojisikia."

Basi likaondoka. Mimi nilibaki na simu mkononi na mdomo wazi, na nilipopata akili nikalikimbilia. Mtu mwenye umri wangu na tumbo langu alilikimbiza basi hadi kwenye mzunguko huku akipiga kelele "Sabuni! Sabuni!" Abiria wa kiti cha nyuma wakanipungia mikono.

Jioni tulikaa dukani kama watu waliofiwa. Bomba akasema nimpigie shemeji, nimweleze kila kitu. Nikasema sawa, mimi ndiye niliyeleta balaa. Nikapiga, akapokea.

"Shemeji!" akasema kwa furaha. "Habari za huko?"

"Nzuri, shemeji. Nilikuwa... nilitaka kujua kama mmefika salama."

"Tumefika salama kabisa. Pazuri mno. Mwenzako yuko bafuni, ndiyo kwanza anaingia kuoga."

Nilikata simu. Sijivunii, lakini nasema ukweli. Mimi huwafokea watu wazima wanaosita kwenye makutano ya barabara, na siku ile mimi ndiye niliyezima gari katikati.

Nilitaka kupiga tena, na Mama Kanuni akanizuia. "Utasema nini? Kama hajawaona, wewe ndiye utakayemwonyesha. Kama keshawaona, atadhani mumewe kakutuma umtetee." Hapo hata yeye alikuwa haipati sheria ya kutusaidia. Wiki nzima hatukugusa dadu. Sanamu ya Meno tuliyokuwa tumeanza kuifinyanga kwa nta, mbaya kama nini, tuliifunika kwa kitambaa. Nilikosa hata nguvu ya kufoka garini, na wanafunzi wangu watatu wakafaulu mtihani wiki ile ile. Kichwani mwangu lilikuwa limekaa lile kabati tu, na sauti ya shemeji ikisema "Pazuri mno."

Jumamosi iliyofuata, saa tisa, mlango wa duka ulifunguliwa. Aliyetangulia kuingia alikuwa shemeji, na kofia yake ya jua kichwani. Meno alikuwa nyuma yake na begi. Sikuweza kusoma nyuso zao. Shemeji akaja hadi mezani, akafungua kitambaa cha mkononi, akawasimamisha askari wangu kumi na wawili mmoja mmoja kwenye mstari, kama watoto wa darasa lake asubuhi. Wa mwisho mkuki wake ulikuwa umepinda.

"Huyo nilimkanyaga," akasema. "Siku ya tatu. Nani alimweka kwenye kiatu changu?"

Mama Kanuni akainua mkono taratibu.

"Shemeji," nikasema, "kosa ni langu lote. Mwenzio hakujua chochote. Nakuapia. Tafadhali usilitoe kabati."

"Kaa chini, shemeji."

Nikakaa juu ya sinki.

Akatusimulia. Alikuwa kitandani anapanga nguo, simu yangu imekatika, hajaelewa kwa nini. Mlango wa bafu ukafunguliwa, mumewe akatoka na taulo kiunoni, povu kichwani, maji yanamtiririka, na askari wa bluu kwenye kiganja. Angeweza kumtupa dirishani. Kulikuwa na dirisha pale pale juu ya bomba, na chini yake kichaka. Hakumtupa. Alisimama mbele ya mkewe akasema, "Nimemkuta kwenye sabuni. Niliahidi hatatokea, na ametokea. Tukirudi nitalitoa kabati."

"Hakuwataja ninyi," shemeji akasema. "Hata kidogo. Nikamwuliza umemleta wewe? Akasema hapana, lakini sitegemei uniamini mara ya pili."

Nilimtazama Meno. Alikuwa anafuta miwani, kazi yake kubwa anapotaka kujificha. Mtu yule alijua tangu kwenye povu kwamba askari ni wangu. Anaujua mkono wangu kuliko benki yangu inavyoujua. Baadaye nilipomwuliza kwa nini hakunitaja, alisema aliona atasikika kama mtoto anayesema si mimi, ni fulani. Tena alidhani kwa mkewe askari wote ni sawa.

"Nikamchukua yule askari," shemeji akaendelea, "nikaenda naye dirishani kwenye mwanga. Nikamgeuza. Nikamwambia mume wangu, nenda kamalize kuoga, huyu si wako."

"Ulijuaje?" Bomba akauliza.

Akamgeukia kama anavyomgeukia mtoto aliyeuliza swali rahisi. "Miaka thelathini nasahihisha madaftari. Mtoto akiniletea kazi iliyofanywa na kaka yake nyumbani, najua kabla sijafika mstari wa pili. Nitashindwa kuujua mkono wa mume wangu?" Akamnyanyua askari wangu mmoja, akamshika mbele ya macho yangu. "Askari wa kwake kila mmoja ana kasoro moja, ya makusudi. Huyu ana kasoro mwili mzima, na hakuna hata moja iliyokusudiwa."

Bomba alicheka hadi akaangusha mabomba mawili. Mimi mwenyewe nilicheka, machozi yakanitoka, na sikujua ni kicheko au ni ule mzigo ulioshuka mabegani. Nilivyochekwa siku ile, na ninavyochekwa hadi leo! Kwamba uchoraji wangu mbovu ndio ulioiokoa nyumba ya rafiki yangu. Haya, nimekubali. Kila mtu ana mchango wake.

Lakini Meno hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Kuna jambo hajawaambia," akasema. "Nilimwuliza, wewe umewaangalia lini askari wangu? Miaka yote hii sijawahi kukuona ukisimama mbele ya kabati. Mwambie Breki ulichonijibu, Mwalimu."

Shemeji akaona haya kidogo, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Nilimwuliza tu, kwani yeye alidhani vumbi haliingii mle?"

Meno alidhani hivyo kweli. Fundi anayeishi ndani ya vumbi la plasta kuanzia asubuhi mpaka jioni aliamini kwamba milango ya vioo inalizuia. Miaka ishirini na miwili, kila wiki Meno akiwa kazini, mkewe alikuwa akiwatoa askari mia tatu na zaidi, mmoja mmoja, akiwafuta kwa brashi ya poda na kuwarudisha walipokuwa, bila kukosea safu. Alizijua soksi zilizoshuka. Alikijua kila kiraka. Yeye ndiye aliyeomba aangaliwe, na kumbe muda wote huo alikuwa anamwangalia mwenzake kupitia kazi yake, tena kwa mkono, tena bila kusifiwa.

"Nikakaa kitandani na povu langu," Meno akasema. Hakuna aliyemtania. Siku saba zile, alinieleza baadaye, walitembea sana. Akajua kwamba mkewe hutembea upande wa kushoto wa njia kila mara, na kwamba husoma vibao vyote kwa sauti, hata vya matangazo ya saruji. Hakuwahi kuyaona hayo. Anasimulia mpaka leo kama mtu aliyegundua nchi.

Adhabu yangu ilikuwa kuyapaka upya macho ya wale kumi na wawili. Meno alinifundisha, na shemeji alisahihisha kwa kalamu nyekundu. Wa kwanza nilipata mbili juu ya kumi. Wa mwisho nilipata sita, nikaenda kumwonyesha mke wangu.

Sanamu yetu ya nta tuliitupa. Mwezi mmoja baadaye Meno alileta aliyoitengeneza mwenyewe, ili naye apate mahali pake kwenye rafu. Mwanamume ana taulo, povu kichwani, na kwenye kiganja chake kuna nukta ya bluu ambayo ukiikazia macho ina macho mawili yasiyoelewana. Kando yake, dirishani, amesimama mwanamke mwenye kofia ya jua. Alikuwa hajawahi kumtengeneza mkewe.

Shemeji alikuwepo. Akamchukua yule mwanamke mdogo, akaenda naye mlangoni kwenye mwanga, akamgeuza taratibu, mbele, nyuma, chini ya kofia, vidole vya miguu. Alimkagua kwa muda mrefu.

"Fundi," akasema, "huyu umesahau kumwekea kasoro."

"Sijasahau," Meno akasema, na akaanza kufuta miwani.

Shemeji hakumrudisha kwenye rafu. Alimfunga kwenye kitambaa chake cha mkononi, akamtia mfukoni mwa gauni, na akasema tuharakishe kumaliza vita vyetu kwa sababu chakula kinapoa.